Mstari wa Mwisho wa Szeto Hon-kei

Umesomwa na mpwa wake, Yeung Pui-shan, katika ukumbi wa mazishi, Hung Hom, Jumapili tarehe 25 Machi 2018

Wasifu huu marehemu aliusoma mwenyewe. Aliuomba mwezi wa kwanza mwaka huu akiwa kitandani, akavaa miwani na kuupitia neno kwa neno, kwa sababu hakuamini kwamba ndugu zake wangesema kweli tupu akishafumba macho. Neno "mpole" alilifuta mahali pawili. Sehemu inayohusu kifo chake tu ndiyo hakuiona.

Szeto Hon-kei, ambaye wengi wenu mlimwita Kaka Kei, alizaliwa tarehe 2 Juni 1950 Sham Shui Po. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Szeto Bak-cheung, kinyozi aliyehamia kutoka Hoiping, na marehemu Bi Fong Sam-mui, aliyekuwa akiunganisha maua ya plastiki nyumbani kwa ajili ya viwanda. Dada yake wa pekee, Szeto Lai-kuen, alimfuata mwaka 1954. Mama yao alipenda kusimulia kwamba Hon-kei akipewa pipi na mgeni aliitazama pipi kwanza, akamtazama aliyempa, halafu akamwonjesha dada yake. Dada akibaki mzima, naye alikula iliyobaki. Dada huyo yuko hapa leo, na anasema hajui mpaka sasa alipata wapi bahati ya kukua.

Mwaka 1957 alianza masomo katika shule ya juu ya paa kwenye majengo ya serikali ya Shek Kip Mei, alikosoma mpaka mwaka 1964. Hesabu hazikumpenda. Mwalimu wake, Bwana Lok, ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba ana sauti.

"Hon-kei, humu ndani hakuna anayekufikia kwa kuimba."

"Mwalimu, unataka nini?"

"Nataka ufute ubao."

Mtoto alifuta ubao akiwa ametulia kabisa. Sifa iliyokuja na kazi aliweza kuiamini.

Baada ya shule aliingia kiwanda cha nywele za bandia San Po Kong. Jioni aliimba na bendi katika kumbi za Tsim Sha Tsui, nyimbo za Kiingereza alizokariri kwa sikio bila kujua zinasema nini. Mwaka 1973 alishika nafasi ya tatu katika mashindano ya uimbaji ya televisheni, na mpaka uzee wake aliamini kwamba aliyeshika nafasi ya pili alikuwa shemeji wa mwamuzi. Nyimbo za Kikantoni zilikuwa zimeanza kupendwa, za Kiingereza zikipoa. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Ya pili haikuuza. Ndipo ukaja wimbo mnaoujua wote, "Taa za Upande wa Pili", uliofungua tamthilia ya televisheni kila jioni kuanzia Septemba 1978. Watu walikula chakula cha usiku nao, watoto wakalala nao, na wauza samaki wa soko la Yau Ma Tei wakaupigia miluzi. Ndio wimbo uliomtoa Szeto Kei, kama alivyojiita jukwaani, kwenye kumbi ndogo na kumweka kwenye mabango.

Juu ya wimbo huo kuna jambo ambalo marehemu aliagiza lisemwe leo bila kupindwa.

Aliurekodi tarehe 17 Agosti 1978 katika studio moja ya Kwun Tong. Siku hiyo alikuwa na homa. Mwanzo aliuimba vizuri. Kwenye mstari wa mwisho, ule unaopanda juu na kukaa huko, sauti ilimkatika. Akarudia, ikakatika tena. Mtayarishaji, marehemu Bwana Tam Siu-cheuk, alimwambia kwenye kipaza sauti: "Basi Ah Kei, inatosha, nenda kalale." Akaenda kulala.

Wiki chache baadaye alikuwa ndani ya teksi, redio ikaupiga wimbo ule.

"Ongeza sauti kidogo," alimwambia dereva.

"Lo, Kaka Kei! Hujichoki?"

Dereva alikuwa anacheka. Abiria wake aliinama mbele, sikio karibu na kiti, akausikiliza mstari wa mwisho ukipanda na kukaa juu, safi, bila ufa wowote. Alijua koo lake. Siku ile koo lake halikufika pale. Alimfuata Bwana Tam ofisini.

"Ule mwisho, niliuimba mimi?"

"Kwani wako Szeto Kei wawili?" alijibu Bwana Tam, akampa sigara.

Marehemu aligundua njiani kwamba lile halikuwa jibu. Hakurudi kuuliza tena. Angeulizaje? Wimbo ulikuwa umeshakuwa wake, nyumba mpya ya wazazi wake ilitokana nao. Bwana Tam naye alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 1983 bila kusema lolote, na shaka ikabaki na mtu mmoja.

Waitikiaji walikuwa watatu studio siku ile, wanawake wawili na kijana mmoja, Pun Kwok-leung. Kijana huyo alikuwa na sauti nyembamba yenye nguvu. Kwenye karamu ya mwaka mpya wa 1980, Pun akiwa ameshakunywa, rafiki zake walimsukuma jukwaani akaimba "Taa za Upande wa Pili", na mstari wa mwisho akaufikia barabara. Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja akapiga kelele, "Hata mwenyewe haimbi hivyo!" Mwenyewe alikuwa meza ya mbele, anamenya kamba. Wiki iliyofuata gazeti moja la udaku likaandika kijisehemu: ni koo la nani tunalolisikia kila jioni? Marehemu hakuhitaji ushahidi mwingine. Alimwona Pun kuwa mwizi na mchongezi, na palepale alijiona yeye ndiye mwizi, na haya mawili aliyabeba pamoja.

Tangu siku hiyo, kila alipofika mstari wa mwisho jukwaani, alinyoosha mkono na kuwaelekezea mashabiki kipaza sauti wamalizie wao. Mliupenda mkono ule. Upo kwenye picha zake nyingi, hata ile iliyochapishwa kwenye jalada la ratiba mliyoshika. Mlisema anatupenda, anatushirikisha. Alikuwa anaogopa.

Na Pun? Szeto Kei alipokuwa na neno la kusikilizwa, alilitumia. "Yeye akiwepo, mimi simo," aliwaambia wenye kumbi, watu wa televisheni na wa santuri. Hakueleza sababu, na hakuna aliyemwuliza. Mkataba wa Pun haukuongezwa. Kijana alikwenda kuimba kwenye mikahawa ya Ipoh, baadaye Vancouver, akarudi mwaka 1995 hana jina. Marehemu mwenyewe alituomba tuiandike habari hii kwa urefu wake, na tumeandika.

Filamu zilimjia mwaka 1982. Mwongozaji wake wa kwanza alimtazama akiwa amekaa pembeni anamkagua mpishi wa kambi aliyekuwa akimletea uji, akasema, "Huyu ndiye inspekta wangu. Kaka Kei, usiigize chochote. Simama tu kama unavyosimama." Alicheza inspekta, mpelelezi, mume anayefuatwa na mume anayefuata, katika filamu zaidi ya arobaini. Mwaka 1987 alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi. Alipotangazwa hakusimama, kwa kuwa alidhani wamekosea bahasha. Mkewe ndiye aliyemsukuma kwa kiwiko.

Mke huyo ni Bi Ngan Suk-yee. Alikuwa mwitikiaji wa studio, binti wa muuza mboga wa Wan Chai. Walizoeana kwenye mgahawa wa chini ya studio mwaka 1980, siku ambayo marehemu, kwa mazoea yake, aliliinua bakuli lake la tambi na kubadilishana na la msichana aliyekaa kando.

"Hee! Kama lina sumu ndiyo umenipa mimi?"

"Wewe si nyota. Nani ahangaike kukuwekea sumu?"

Suk-yee alicheka mpaka tambi zikampalia, na marehemu ikambidi ampige mgongoni. Walifunga ndoa tarehe 12 Januari 1981, kimyakimya, maana enzi zile nyota kijana hakutakiwa awe na mke. Mwaka mzima alipanda kwake kwa ngazi za nyuma, akigeuka kila ghorofa kuangalia kama kuna mwandishi nyuma yake. Bi Suk-yee aliacha kuimba. Walijaliwa watoto wawili, Chun-ho mwaka 1983 na Wing-lam mwaka 1986. Ndoa ilikuwa njema. Alimpekulia mkewe mikoba, ni kweli, lakini aliipekua mbele yake, naye alikuwa akimwekea ndani peremende ili asitoke mikono mitupu.

Tarehe 21 Desemba 2008, sikukuu ya majira ya baridi, familia nzima ilikuwa mezani nyumbani kwao Ho Man Tin. Anayesoma alikuwepo. Kuku alikuwa ameshakatwa, Bi Suk-yee anapakua supu. Televisheni ilikuwa wazi, kipindi cha nyimbo za zamani, na mara akatokea Pun Kwok-leung, nywele nyeupe, koti limempwaya, anaimba "Taa za Upande wa Pili".

"Zimeni," alisema marehemu.

"Baba, acha tusikilize, anaimba vizuri," alisema Wing-lam.

"Lazima aimbe vizuri. Ni wake."

Watu waliinua macho. Marehemu aliweka vijiti chini. "Mnanitazama nini? Ule mstari wa mwisho kwenye santuri aliuimba yeye. Miaka yote hii mnakula jasho la koo la yule. Haya, nimesema, kuleni."

Hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe. Mkewe alijua tu kwamba Pun ni adui, na alidhani ni ugomvi wa maneno wa vijana. Sasa alisimama na upawa mkononi, uso umesawijika.

"Ndiyo sababu ulimfanyia vile? Kwa ajili ya mstari ule?"

"Kwa ajili gani nyingine?"

"Si yeye, Ah Kei."

"Unajuaje?"

Aliimba. Alisimama palepale kwenye mvuke wa supu na kuuimba mstari ule, sauti ikapanda ikakaa juu, imezeeka, imekuwa na mchanga kidogo, lakini ndiyo ile. Kila mtu mezani aliijua, kwa kuwa kila mtu mezani alikua nayo. Kwenye televisheni Pun alikuwa bado anaimba, na hakuna aliyemsikia.

Marehemu akauliza, taratibu sana, "Bwana Tam?"

"Aliniambia niingie baada ya wewe kuondoka. Alisema nikisema nimekuua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikaogopa. Halafu ukanioa. Ningeanzia wapi? Na wewe hukuwahi kuuliza. Nikajua huna habari, nikasema acha tu, mtu afurahie wimbo wake."

Marehemu aliinuka, akachukua koti, akaenda Tai Po kwa dada yake. Huko alikaa siku kadhaa bila kunyoa, na shaka yake yote aliihamishia kwa mtu mmoja ambaye hakuwahi kumshuku. Alimwambia dada yake kwamba sasa ameelewa: mkewe aliolewa naye kwa huruma, au kwa kujiona ndiye mwenye wimbo, kila siku anamtazama akijisifu na kucheka moyoni. Bi Suk-yee alikuja Jumamosi na dawa zake za presha na soksi. Hakuketi.

"Nakuambia mara moja, Baba Chun-ho. Nilikupenda kwa sababu ulinichekesha. Ule mstari ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliimaliza nikaenda kununua samaki. Wewe ndiye uliyeishi nao, si mimi. Dawa hizi unameza baada ya kula. Na kuna mtu To Kwa Wan unayetakiwa kwenda kumwona kabla hujarudi nyumbani kwangu."

Pun Kwok-leung alikuwa akifundisha wazee kuimba katika ukumbi wa mtaa, To Kwa Wan. Marehemu alikwenda Januari 2009, asubuhi ya darasa. Pun alipomwona mlangoni, alimpita, akachungulia korido, akafungua kabati la mafagio, akainama chini ya piano.

"Kamera iko wapi?"

"Hakuna kamera."

"Kipindi gani hiki? Cha kuwachekesha watu? Mtatoka mkinipigia makofi?"

"Leung, nimekuja peke yangu."

"Wewe hujawahi kuja peke yako mahali." Hata hivyo alikaa, mkono bado uko kwenye mlango wa kabati.

Marehemu alimweleza yote, akiwa amesimama, mabibi wa darasa wakisikiliza bila aibu. Pun alisikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza, hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo ndiyo sababu. Nimekaa nikifikiri labda nilimkosea mtu, labda nilikunywa nikatukana, nikawa nawauliza rafiki zangu nilimtukana nani. Unajua ule mstari niliufikiaje? Niliufanyia mazoezi bafuni karibu mwaka mzima, mpaka mama mwenye nyumba akataka kunifukuza. Niliamini ni wewe unaimba. Nilitaka niwe kama wewe." Akauachia mlango wa kabati. "Ungeniuliza tu. 'Leung, ni wewe?' Ningekwambia si mimi. Tungekwenda kunywa chai."

"Unisamehe."

"Leo siwezi. Darasa ni Jumatano na Ijumaa."

Marehemu alielewa hivyo kuwa mwaliko, ingawa hakuwa na hakika, na aliporudi Jumatano ile alikuta kiti kimoja kimeongezwa nyuma. Alikwenda kwa miaka. Alichemsha maji, alipanga viti, aliwashikia mabibi karatasi za maneno ya nyimbo. Pun hakuwahi kulitamka neno la msamaha, na marehemu hakulidai.

Tarehe 5 Juni 2010, kwenye tamasha lake la kutimiza miaka sitini, alifika mstari wa mwisho na hakunyoosha mkono. Alisimamisha bendi. Aliwaambia watu waliojaa ukumbi kuhusu homa, kuhusu Bwana Tam, kuhusu Pun, akimtaja jina lake lote na kumwinamia alipokaa. Kisha akamwita mkewe. Bi Suk-yee alipanda na mkoba begani, akauimba mstari, akashuka.

Mnakumbuka yaliyofuata. Hakuna aliyeamini. Magazeti yalisema anatafuta soko la filamu mpya. Wengine waliandika kwamba yule bibi alikuwa anafumbua mdomo tu, kinachosikika ni kanda ya Kaka Kei mwenyewe. Mashabiki walimsubiri Bi Suk-yee sokoni na kumwambia aone haya, anamwibia mumewe uzeeni. Marehemu, ambaye kwa maisha yake yote hakumwamini mtu, alikwenda redio moja baada ya nyingine akiomba aaminiwe, na watangazaji walikuwa wakimkonyeza. "Sawa, Kaka Kei, sawa, tumeelewa." Jambo hilo lilimuuma kuliko maradhi.

Maradhi yalianza kujionyesha Aprili 2014, damu puani na sikio moja kuziba. Ilikuwa saratani ya nyuma ya pua, ile inayotupata sana sisi watu wa huku. Watoto walikubaliana na daktari kwamba asiambiwe. Siku mbili baadaye, Jumanne ya kawaida tu, aliwekewa mbele yake supu ya viota vya mbayuwayu, chakula cha bei kubwa. Aliitazama supu, akamtazama mwanawe.

"Nani anakufa? Ni mimi?"

Chun-ho alianza kusema habari za punguzo la bei dukani. Mama yake alimkatiza. "Ni saratani, Ah Kei. Imeanza, haijaenea. Sisi wawili hatufichani tena."

Marehemu alivuta pumzi, akainywa supu yote. Alipigwa mionzi, akapona kwa muda, mate yakakauka, sauti ya kuimba ikaisha kabisa. Hata hapo aliwasumbua wauguzi, akitaka kujua kila kidonge kimetoka chupa gani. Ugonjwa ulirudi mwaka 2017, safari hii kwenye mapafu. Alifariki Jumapili tarehe 11 Machi 2018, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kulia. Upande wa pili, kwenye kiti cha wageni, alikuwepo Bwana Pun Kwok-leung, aliyekuwa amefika kabla ya watoto wa marehemu na hakuulizwa na mtu amefuata nini. Marehemu alipofumba macho, Bwana Pun alisimama, akakiweka kile kiti karibu na kitanda ili Bi Suk-yee akae.

Marehemu ameacha mjane, Bi Ngan Suk-yee, mwana, Szeto Chun-ho, na mkewe, Lau Hoi-ting, binti, Szeto Wing-lam, wajukuu wawili, Tsz-yau na Tsz-ching, dada, Szeto Lai-kuen, na shemeji, Yeung Kam-fai, mpwa anayesoma, na rafiki, Bwana Pun Kwok-leung, ambaye marehemu alituambia tuliandike jina lake hapa, kwenye orodha ya ndugu, na tusimwombe ruhusa kwanza.

Bi Suk-yee amekaa safu ya mbele. Mkija kuinama mbele ya picha, mtapita karibu naye. Kama bado yuko asiyeamini aliyoyasikia, ana haki ya kumwuliza, naye atamjibu. Lakini leo mwacheni, amefiwa na mumewe.

Szeto Hon-kei, pumzika salama. Hapa tulipo, tumesema kweli.